Kompyuta yasaidia kusaka saratani ya matiti

Hapa Evere, mjini Brussels, akina mama wa miaka 50 hadi 69 wenye bima ya afya hualikwa kwa barua kila baada ya miaka 2 kupigwa picha ya matiti bure. Kila picha husomwa na madaktari wawili.

Nchini Sweden kompyuta ilipewa kazi ya kupima hatari ya kila picha, madaktari wawili wakasoma zile za hatari kubwa tu. Matokeo ya mwaka 2023: saratani 244, dhidi ya 203 katika kundi lisilo na kompyuta. Wanawake walikuwa kama 40,000 kila upande.

Habari njema. Ila tunawajua mama zetu wa Kongo na Burundi wanaoiweka barua kando wakidhani ni bili nyingine. Ile barua inatosha, mama. Nenda nayo kituoni.