Hita ya pikapu inapovuja, injini nayo imo hatarini

Zulia la upande wa abiria linapolowa ilhali mvua haijanyesha, wenye pikapu wengi huliondoa, wakalianika juani na kuendelea na safari zao. Huo ni uzembe unaoweza kugharimu injini nzima, kwa kuwa mara nyingi maji hayo hayakuingia kutoka nje. Yametoka katika injini yenyewe.

Nyuma ya dashibodi mna rejeta ndogo ambayo aghalabu mwenye gari hajapata kuiona kwa macho. Maji ya moto ya injini huingia humo kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Feni hupitisha hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hiyo ndiyo impashayo dereva joto na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Hita, basi, ni kiungo cha mfumo ule ule unaopoza injini. Ikitoboka, maji hupungua kimyakimya pasipo kuacha dimbwi chini ya gari, na dereva hutanabahi pale tu mshale wa joto unapokaribia alama nyekundu.

Dalili zake hazifichiki kwa anayezijua. Mna harufu tamutamu hita inapowashwa. Kioo hufunikwa na utando unaonata, ambao ukiupangusa kwa kitambaa huzidi kutapakaa. Tusichanganye mambo, hata hivyo: maji ya kiyoyozi hayana rangi, harufu wala utelezi.

Chanzo kimoja kinachojulikana vyema ni tabia ya kujaza rejeta kwa maji ya mfereji, ya kisima au hata ya mtoni. Maji hayo hubeba chumvi na hayana dawa ya kuzuia kutu, hivyo huila metali ya hita polepole. Maji ya rangi ya kupozea injini, yaani kulanti, huhifadhi metali hiyo, mradi yabadilishwe kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji.

Wapo madereva ambao hulegeza kifuniko cha rejeta ili kupunguza shinikizo na kutuliza uvujaji. Ujanja huu ni hatari, hasa nyanda za juu. Limuru, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, maji yasiyofungiwa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, wala si 100. Shinikizo ndilo linaloyazuia yasichemke. Na kufungua kifuniko injini ikiwa moto ni kujitakia kubabuka uso.

Njia ya muda inayokubalika ni kuikwepa hita. Injini ikiwa imepoa kabisa, fundi huichomoa mipira miwili inayopenya ukuta ulio kati ya injini na dereva, akaiunganisha kwa kipande cha bomba na kuikaza kwa klipu. Asiizibe tu, kwani katika baadhi ya injini mzunguko wa maji hupitia hapo. Ila baada ya hapo gari halina hewa moto ya kuondoa ukungu. Mombasa huenda usijali. Kwa anayeshuka na mboga alfajiri kutoka Kinangop, kioo kilichofumba ni ajali inayosubiri.

Zile dawa za kuziba matundu zinazomiminwa ndani ya rejeta tungeziacha. Haziwezi kutofautisha tundu na njia nyembamba ya maji.

Kubadilisha hita ndiyo tiba. Katika pikapu nyingi hulazimu dashibodi yote ing'olewe, kwa hivyo ujira wa fundi huweza kupita bei ya kipuri chenyewe. Kwa sababu hiyo ni busara mipira na klipu zibadilishwe papo hapo. Gari likiwa na mifuko ya hewa, betri sharti itenganishwe kwanza.

Kulanti inayokingwa isimwagwe mtaroni wala kuachwa katika karai. Nyingi hutengenezwa kwa glaikoli ya ethilini, sumu yenye ladha tamu inayoweza kumuua mbwa au mtoto.

Mwisho, hewa itolewe katika mfumo: pua ya gari iinuke, hita ifunguliwe hadi kiwango cha juu, injini ingurume mpaka mipira yote miwili iwe moto. Kwa siku chache zinazofuata, kiwango cha maji kikaguliwe kila asubuhi kabla ya injini kuwashwa.