Ndege ya Mabua na Macho ya Watu

Mavuno yakishaingia ndani, mwezi wa sita na wa saba, mashamba ya pembezoni mwa Buswelu hubaki na mabua makavu. Mtu mzima akiyatazama huona kuni za haraka au chakula cha ng'ombe. Mtoto huona karakana. Ganda la bua ukilichuna kwa meno linatoa fito nyembamba zinazopinda bila kukatika. Moyo wake mweupe ni laini kama sponji na hupokea mwiba bila kupasuka. Moyo wa bua ukawa kiwiliwili, fito zikawa fremu ya mabawa, miiba ikawa misumari, na kabla ng'ombe hawajarudi zizini ndege imekamilika.

Buswelu ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Ilemela, na Uwanja wa Ndege wa Mwanza umo ndani ya wilaya hiyohiyo, kando ya ziwa. Mtoto wa huku anaijua ndege kwa kuitazama kutoka chini. Ndiyo maana ndege tulizotengeneza utotoni zilikuwa na tumbo lililosanifiwa kuliko mgongo: matairi yake, mistari ya chini ya bawa, hata ile milango midogo inayofunguka matairi yanapotoka. Juu tuliacha wazi. Nani amewahi kuuona mgongo wa ndege?

Ufundi huu haukuanza na ndege. Wasukuma ni wafugaji, na mtoto anayechunga ana muda mrefu na udongo mwingi wa mfinyanzi kando ya malambo. Kazi yake ya kwanza ya mikono ni ng'ombe wa udongo. Hapimi kwa rula. Anamtazama ng'ombe wa kweli, kisha anamfinyanga awe wa kutosha kiganjani, nundu mahali pake, pembe kwa mkunjo wake. Mtihani wake ni mmoja tu. Akifika nyumbani jioni, babu humchukua yule ng'ombe, humgeuzageuza, kisha humtaja: "Huyu si yule wa pembe iliyolegea?" Akimtaja sawasawa, mtoto amefaulu. Akinyamaza, mtoto anarudi lamboni kesho.

Wenzetu wa mbali walikwenda njia ya rula. Kampuni ya Frog ya Uingereza ilianza kuuza vifaa vya kuunganisha ndege za plastiki mwaka 1936, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, na kipimo hicho kingali kinatumika duniani kote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, modeli nyeusi za kipimo hichohicho zilitumika kuwafundisha askari kutofautisha ndege ya adui na ya rafiki. Hesabu yake ni nyepesi. Airbus A220-300 ya Air Tanzania, ile yenye twiga mkiani, aina ambayo nchi ilianza kuipokea Desemba 2018, ina urefu wa mita 38.7. Igawanye kwa 72 upate kama sentimita 54, yaani dhiraa moja na chenji kidogo. Fundi wa Japani ataianza kwa hesabu hiyo. Mtoto wa Buswelu ataianza kwa kumtafuta twiga, kwa sababu anajua twiga akikosewa hakuna atakayeuliza habari za mabawa.

Hapo ndipo mila inapoonekana. Anayeunganisha modeli Ulaya au Japani mara nyingi huimaliza peke yake na kuiweka kwenye kabati la kioo. Huku kwetu ndege hutembezwa. Unaishika kwa mkono mmoja, unakimbia nayo njia nzima huku ukinguruma, na wenzako wanakufuata nyuma. Ukigeuka ukakuta nyuma yako hakuna mtu, huhitaji kuambiwa kwamba ndege yako imeshindwa.

Anayezijua ngoma za Usukumani ataitambua sheria hiyo. Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayojinasibisha na waganga wa kale Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo kila kiongozi wa ngoma hutafuta cha kushangaza: wachezaji wa huyu wanacheza na chatu, wa yule wanarusha majembe hewani, mwingine anatoa kinyago cha mti chenye viungo vinavyochezeshwa kwa kamba mpaka kinamama wanafunika nyuso kwa kicheko. Nenda Bujora, karibu na Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita, ukaone umati unavyohama kama maji kwenye sinia. Pale Bujora ndipo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma, na mojawapo ya majengo yake lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Kiti kimekuzwa hadi watu wanaingia ndani. Mtoto wa mabua anafanya kazi ileile kwa kinyume: anaipunguza ndege hadi inaingia mkononi. Mjenzi yule na mtoto huyu wote wanataka mpita njia asimame.

Hata ndege za kivita wanazochora watoto zina historia yake Mwanza, wala haikutoka kwenye sinema. Mwishoni mwa Machi 1979, vita vya Kagera vikielekea ukingoni, ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ililenga ghala la mafuta mjini. Ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakaua swala. Wazee wa mji huu wakisimulia kisa hicho hucheka kwanza, kwa ajili ya swala wasiojua siasa, kisha hunyamaza kidogo. Baada ya kisa kama hicho mtoto hahitaji katuni ili achore ndege yenye bomu chini ya bawa.

Vifaa navyo vimebadilika. Mashamba yamegeuka viwanja na nyumba za bati, mabua ni ya kutafuta. Badala yake kumekuja boksi, waya, vizibo vya soda, na ndala zilizokatika, ambazo hukatwa zikawa matairi. Kifaa kinachopendwa kuliko vyote ni yale maboksi meupe mepesi ya povu la plastiki, ya kusafirishia minofu ya sangara. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliionyesha dunia ndege kubwa za mizigo zikibeba minofu hiyo kutoka Mwanza, na ubishi juu yake ukafika hadi Ikulu. Huku mtaani kipande cha boksi lililovunjika kimepata kazi nyingine. Kilitengenezwa kwa ajili ya kupanda ndege. Sasa kimekuwa ndege.

Mpwa wangu ni fundi wa boksi hilo. Amenifundisha mambo ambayo mabua hayakunifundisha. "Mjomba, supaglu usiiguse, inakula," aliniambia, akanionyesha bawa lililotoboka kama limepigwa risasi. Rangi ya kupuliza ya kopo nayo inalila boksi hilo. Kwa hiyo yeye anakata kwa wembe, anapiga msasa taratibu, anaunganisha kwa gundi nyeupe ya maseremala, kisha anaviringishia karatasi za daftari kwa uji wa unga wa ngano. Karatasi ikikauka inakuwa ngozi ngumu, na hapo rangi yoyote inakubali. Nyeupe ni mabaki ya rangi ya ukuta. Nyeusi ni mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi. Nyekundu ni rangi ya kucha ya dada yake, na kuhusu hiyo kesi bado inaendelea nyumbani.

Ndege yake ya mwisho sikuitambua. Ilikuwa jeti yenye mikia miwili, lakini chini ilikuwa na miguu na mikono. Nikadhani amechanganya. Akanitolea simu. Ilikuwa VF-1 Valkyrie, ndege ya anime ya Kijapani iitwayo Macross iliyotoka mwaka 1982. Msanifu wake, Shoji Kawamori, alichukua umbo la F-14 ya jeshi la wanamaji la Marekani akaifanya iweze kujikunjua ikawa mtu wa chuma. Huko Japani kampuni ya Hasegawa inaiuza kwa kipimo kilekile cha moja kwa sabini na mbili, pamoja na stika za kulowekwa majini na maelekezo ya kila rangi. Mpwa wangu hana maelekezo. Ana video ya dakika mbili aliyoisimamisha mara nyingi hadi kioo cha simu kikapata alama ya kidole.

Nilimuuliza kwa nini asitengeneze ile nyingine aliyowahi kunionyesha, ndege nyekundu ya kutua majini katika filamu ya Miyazaki ya mwaka 1992, Porco Rosso. Sisi ni watu wa ziwa, nikamwambia. Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua Kisumu, kwenye maji yaleyale haya. Akafikiri. "Ile nzuri, mjomba. Lakini haibadiliki. Hii wakiiona inabadilika, wanarudi."

Siku aliyoitoa nje nilikaa kibarazani nikitazama. Alikimbia nayo ikiwa ndege, watoto nyuma yake. Alipofika penye mwembe akasimama, akavuta uzi, miguu ikashuka. Kelele zilizopigwa pale nimezisikia Bujora, kinyago kinapoinua mkono. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama, akaitua, akasema, "Mayu! Ndege gani yenye magoti?" Kisha akabaki pale mpaka ikarudi kuwa ndege.

Ilidumu wiki tatu. Mvua iliigusa, karatasi ikalegea, bawa moja likang'oka. Hakuna aliyeiweka kabatini, maana kabati lenyewe halipo. Asubuhi moja nilimkuta mdogo wake amekaa chini akikata vile vipande vya ndala vilivyokuwa matairi na kuvifunga kwenye kopo la mafuta ya kula, lori lake la kwanza. Kaka yake alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akilitazama lile lori kama babu alivyokuwa akimtazama ng'ombe wa udongo. Bado hajasema kitu.