Mto Hauna Kupwa: Kabla ya Kutia Saini Safari ya Maji Makali

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyetuneemesha kwa maji ya mvua, ya mito na ya bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Likizo za shule zinapokaribia, wazazi huletewa fomu za safari ili watie saini. Zamani safari hizo zilikuwa za kuyatazama magofu ya Gedi au wanyama wa Tsavo. Siku hizi baadhi yake hufika bara, Sagana, mwendo wa karibu kilomita 100 kutoka Nairobi, ambako vijana hupanda maboti ya mpira na kuteremka nayo katika maji makali ya Mto Tana. Kina mama hutuuliza: je, mchezo huu wajuzu? Na binti naye aweza kwenda? Kina baba mara nyingi huwa na jibu tayari: mtoto wa pwani, aliyejua kuogelea kabla ya kuhitimu Juzuu Amma, mto utamfanya nini?

Jibu hilo la kina baba ndilo linalotutia hofu, na ndilo lililotufanya tuandike.

Tuanze na hukumu. Wanazuoni wetu, akiwemo Imam al-Ghazali katika kitabu chake al-Mustasfa, wamebainisha mambo matano ambayo Sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mchezo unaoupa mwili nguvu na kumfunza kijana ushujaa na kushirikiana na wenzake, asili yake ni halali. Lakini uhalali huo umefungamana na kulindwa kwa nafsi. Ulinzi ukiwepo, mlango uko wazi. Ulinzi ukikosekana, mchezo hugeuka kuwa kuihatarisha amana ambayo si mali yetu. Kwa hiyo swali la mzazi lisiishie kwenye kujuzu kwa mchezo. Aulize pia mtoto wake atalindwa namna gani.

Mto wenyewe si mgeni kwetu. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka hadi kumwagika baharini karibu na Kipini. Sisi huyaona yakiwa yamechoka, yamejaa tope, yakienda taratibu. Huko Sagana, kabla ya kuyafikia mabwawa, maji hayo hayo hupita kwa kishindo baina ya miamba.

Bahari tunaijua adabu yake. Maji hujaa na kupwa, kuna bamvua na kuna maji mafu, na wimbi likikupiga hurudi nyuma likakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Mto hauna kupwa. Husukuma upande mmoja usiku na mchana, wala haupumziki. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne. Kijana anayesimama imara ufuoni maji yakiwa kifuani, mtoni huweza kuangushwa na maji ya mapajani. Tena mwili huelea kwa wepesi zaidi katika maji ya chumvi kuliko ya mto. Kujua kuogelea ni neema, lakini elimu ya bahari si elimu ya mto.

Waendao mitoni hupima maji makali kwa madaraja sita. La 1 ni maji yaendayo kwa utulivu, na la 6 ni yale ambayo hata mabingwa huyakwepa. Daraja la 3 ndilo la kati: mawimbi yasiyo na mpangilio, mapito membamba baina ya mawe, na haja ya kukigeuza chombo kwa haraka. Anayeanza aweza kulipita akiwa na kiongozi hodari. Hata hivyo, daraja la mahali si jambo la kudumu. Mvua ikinyesha milimani, mto huweza kupanda Sagana huku jua likiwaka, na maji ya daraja la 3 yakawa makali kuliko hayo. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, inahitaji tahadhari zaidi.

Sasa tuje kwenye vazi, kwani hapa kina mama hupata mashaka. Buibui na ushungi mrefu havifai mtoni. Sababu si kwamba stara imeondolewa. Ni kwamba kitambaa kirefu kikilowa huwa kizito, huzonga miguu, na hunaswa na mti au jiwe. Stara na usalama vyaweza kukutana. Binti avae suruali na shati refu la kitambaa chepesi kisichong'ang'ania mwili, lisizidi magoti. Kichwani avae kofia ya kitambaa inayobana, yenye kufunika shingo, isiyo na pini, na ncha zake ziingizwe ndani ya shati. Juu yake ivaliwe kofia ngumu, na juu ya shati livaliwe jaketi la kuokoa maisha, ambalo lenyewe huzidisha stara. Viatu viwe vya kufungwa. Bangili, mikufu na pete vibaki nyumbani.

Jaketi lililolegea ni mzigo, si kinga. Bizimu zote zifungwe, mikanda ikazwe, kisha mwenzake alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, halijakazwa.

Ndani ya boti, mkono mmoja hushika kafi katikati, na wa pili haukiachi kishikio cha juu, maana kafi lililoachwa huru huvunja meno ya jirani. Amri ya kiongozi hufuatwa papo hapo. Boti likigonga jiwe, abiria wote huegemea upande wa jiwe. Maumbile humwambia mtu alikimbie, lakini akilikimbia, maji huingia upande wa pili na kulipindua boti.

Na akianguka majini? Hapa ndipo penye roho ya makala haya, na tunawaomba wazazi wayasome mbele ya watoto wao. Alale chali, miguu mbele ikielekea yaendako maji, vidole vya miguu vikionekana juu, na mikono imsaidie kujielekeza ukingoni. Asijaribu kusimama maadamu maji yanakwenda kwa nguvu na yamepita magoti. Mguu ukinaswa chini ya jiwe, maji humlaza mtu kifudifudi na kumzamisha, hata mahali ambapo angesimama kichwa kikawa juu. Akirushiwa kamba, aishike kwa mikono miwili kifuani, alale chali, asiizungushe mkononi wala kiunoni. Akiuona mti ulioanguka majini, auepuke mapema kwa nguvu zake zote. Maji hupenya baina ya matawi, mwili haupenyi. Akishindwa kuuepuka, ageuke, aogelee kichwa mbele na kuupanda kabla haujamvuta chini.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mzazi na aulize: Kiongozi wa boti ameuteremka mto huu mara ngapi, na amefunzwa uokozi na huduma ya kwanza? Je, kutakuwa na chombo cha pili na mwokozi mwenye kayaki atakayewatangulia kwenye maji makali? Je, kila mtoto atapata jaketi na kofia vya kimo chake? Je, watoto watafanyishwa mazoezi ya kuanguka na kuokolewa kwenye maji matulivu kabla ya kuanza? Ni nani atakayepima maji asubuhi ya siku hiyo? Anayekereka kwa maswali haya, usimpe mwanao.

Upande wa ibada, safari ya Mombasa hadi Sagana imepita masafa ya kupunguza Swala, na msafiri aweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Waandaaji waambiwe mapema ili ratiba isiwaweke watoto majini wakati wote. Nguo kulowa maji ya mto si najisi. Kwa mabinti, kundi la peke yao pamoja na walezi wanawake ndilo bora. Ama suala la nani afuatane nao safarini, lina hukumu zake, na kila familia imuulize sheikh wake.

Wapo watakaosema kwamba ajali na salama zote zi mikononi mwa Mola. Ni kweli. Lakini kila mtoto wa madrasa anaujua mfano wa ngamia: hufungwa kwanza, kisha mwenyewe akategemea. Mtoni, kufunga ngamia ni kukaza mikanda.

Neno la mwisho tunawaambia kina baba na kina mama waliokwisha lipa. Huenda siku ya safari kiongozi akautazama mto, akatikisa kichwa na kusema kwamba leo maji ni mengi, hatuteremki. Watoto watanuna, na pesa huenda zisirudi. Msimlaumu mtu huyo. Mshukuruni, na safari nyingine mtafuteni yeye yeye, kwa sababu amewalindia kile ambacho hakilipiki kwa pesa.

Wabillahi tawfiq.