Kamera za Dijitali: Pima Kihisio Kabla ya Kulipa

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kufungua studio ya picha Shinyanga, Kahama au Geita hutajiwa kwanza megapikseli, kwa kuwa namba kubwa huuza. La kuuliza kwanza ni ukubwa wa kihisio, yaani kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani.

Kihisio kamili kina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35. Kile cha APS-C, kilichomo katika kamera nyingi za bei ya kati, ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, eneo lake halifiki nusu. Vikamera vingi vya mfukoni vina milimita 6.2 kwa 4.6 tu, eneo dogo mara 30.

Ni kama bati la kukinga mvua: paa pana hujaza pipa upesi. Kwa lenzi zinazofunguka sawa, kihisio kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha za harusi ya usiku hazijai chenga.

Tatizo ni lenzi zake, nzito na ghali. Picha za pasipoti, au za mawe ya madini chini ya taa kali, hazihitaji gharama hiyo. Kwa maoni yetu APS-C iliyotumika inamtosha anayeanza. Ila mwenye oda za kumbini asikubali kikamera cha mfukoni, hata kikiwa na megapikseli 20.

Kabla ya kutoa fedha, omba taa za duka zizimwe, piga picha mbili, zikuze na utazame sehemu za giza.