Casablanca na Jirani Zetu wa Utange

Kila nikiitazama Casablanca, filamu ya Marekani ya 1942, nawakumbuka jirani zetu wa kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa Kisauni, Mombasa. Ndani yake, Victor Laszlo aliyetoroka kambi ya Wanazi amekwama Moroko pamoja na wakimbizi wengine, wote wakisaka karatasi za kupitia Lisbon hadi Marekani. Waigizaji wengi walikuwa wakimbizi kwelikweli. Conrad Veidt aliihama Ujerumani mwaka 1933, mkewe akiwa Myahudi. Hollywood ikamvisha sare ya afisa wa Kinazi. Hapo ndipo filamu hii inaponiuma.

Utange haikuwa sinema. Serikali ya Siad Barre ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wasomali walifika Mombasa kwa mashua, wakiwemo watu wa mji wa Barawa. Chimiini chao tulikisikia, maana ni ndugu wa Kiswahili. Mama alimwita mmoja wao dada, wakakopeshana unga na sukari. Nao pia walingoja karatasi. Kambi ikafungwa katika miaka hiyo ya 1990. Wengine wakapelekwa Kakuma, na Wabarawa wengi wakapokewa Marekani. Wengi walioishi Utange wangali hai. Enyi watengenezaji filamu wa Pwani, nendeni mkawasikilize sasa.