Sarafu Kongwe za Fedha: Thamani Yake na Tahadhari kwa Mlaji

Katika nyumba nyingi za mwambao, na hata bara kando ya njia za zamani za misafara na reli, zimo sarafu za fedha ambazo hakuna anayezitumia tena. Zimewekwa ndani ya kasha la nguo, zimefungwa kwenye pindo la leso iliyochakaa, au zimening'inizwa katika kidani cha bibi aliyekwisha kufariki. Siku ya mirathi au siku ya shida hutolewa nje, na ndipo swali huulizwa: zina thamani gani? Wenye swali hilo hukabiliwa na hatari mbili zinazopingana. Wapo wanaouza sarafu adimu kwa mizani, kama watu wauzavyo vyuma chakavu. Na wapo wanaonunua sarafu ya kawaida kabisa kwa akiba yao yote, kwa kuwa wameambiwa kwamba ina umri wa zaidi ya miaka 200.

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi. Umri wa sarafu, peke yake, hauamui bei. Zipo sarafu za Kirumi zenye umri wa zaidi ya miaka 1,600 ambazo wakusanyaji huzinunua kwa bei ndogo, kwa sababu zilifuliwa kwa mamilioni na hadi leo zinaendelea kufukuliwa ardhini. Bei hutokana na kiasi cha madini kilichomo, idadi ya sarafu za namna hiyo zilizosalia, hali ya sarafu yenyewe, na idadi ya watu wanaoitaka. Mlaji anayejua hayo hawezi kudanganywa kirahisi na tarehe iliyoandikwa usoni mwa sarafu.

Lugha yetu hutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, na si ajabu, maana kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Lakini si kila sarafu nyeupe ni ya fedha, wala si kila sarafu ya fedha ni fedha tupu. Rupia ya Uhindi, iliyotumika pwani hii hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilifuata kipimo hichohicho. Kwa hiyo rupia moja ambayo haijalika ina takriban gramu 10.7 za fedha halisi.

Shilingi yenye picha ya simba mbele ya milima, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1921, ni habari nyingine. Uzito wake ni gramu 7.78, lakini robo yake tu ndiyo fedha, yaani kama gramu 1.9. Isitoshe, shilingi za mwaka 1948 hadi 1952, zenye simba yuleyule na milima ileile, hazina fedha hata kidogo: ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Anayetaka kuzitofautisha asome mwaka, na kama mwaka umefutika, atazame maandishi yanayozunguka jina la mfalme. Zilizo na fedha zimeandikwa IND: IMP:, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya mfalme mkuu wa Uhindi. Uhindi ilipopata uhuru mwaka 1947, cheo hicho kilikwisha, na maneno hayo yakaondolewa.

Tofauti hizi zina maana kubwa penye mizani. Kilo moja ya rupia ina gramu 917 za fedha. Kilo moja ya shilingi za simba za kabla ya 1948 ina gramu 250. Mnunuzi anayemimina sarafu zote kwenye sahani moja na kutaja bei moja kwa kilo, anamwomba muuzaji asahau hesabu hiyo.

Sarafu inayowakosesha watu wengi zaidi ni riale ya Maria Theresa. Hii ndiyo ile sarafu kubwa yenye sura ya mwanamke mnene aliyevaa ushungi, na nyuma yake tai mwenye vichwa viwili. Ilienea Unguja, Omani, Yemeni na Uhabeshi, na wafanyabiashara waliiamini kuliko sarafu nyingine kwa kuwa kipimo chake hakikubadilika: gramu 28.07, kati yake zaidi ya gramu 23 fedha halisi. Juu yake umeandikwa mwaka 1780, na hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Maria Theresa alifariki mwaka huo, lakini watu wa nchi hizi walikataa sarafu yenye sura au mwaka mwingine, kwa hiyo viwanda viliendelea kuifua na mwaka uleule. Ilifuliwa Vienna, Roma, London, Paris, Brussels na hata Bombay, na Vienna bado huitoa. Riale iliyofuliwa majuzi na ile iliyofuliwa zama za Seyyid Said zina mwaka mmoja. Mtaalamu huzitenganisha kwa alama ndogo sana, kama vile manyoya ya mkia wa tai au umbo la kishaufu kilicho begani mwa malkia. Nyingi mno ni za karne ya 20, na thamani yake haizidi sana ile ya madini. Atakayekuambia, "Tazama, hii ni ya mwaka 1780," huenda asiwe mwongo. Huenda naye alidanganywa.

Kinyume chake ni riale ya Sayyid Barghash bin Said. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Sultani huyo aliagiza sarafu zake mwenyewe. Pesa za shaba zenye picha ya mizani zilifuliwa kwa wingi, nazo hupatikana hadi leo bila shida. Riale za fedha za mwaka huohuo zilikuwa chache, na wakusanyaji huzitafuta sana. Mwaka ni mmoja, Sultani ni mmoja, lakini bei hazilingani hata kidogo. Riale hiyo haina picha, ila maandishi ya Kiarabu tu. Ndiyo maana mtu asiyeyasoma anaweza kuitupa katika fungu la riale za kawaida. Vivyo hivyo, miongoni mwa sarafu za Wajerumani, rupia moja si adimu, ilhali sarafu ya rupia mbili, iliyotolewa mwaka 1893 na 1894 tu, ni adimu kweli.

Wakati mwingine uadimu huletwa na kisa. Katika rupia ya Uhindi ya mwaka 1911, Mfalme George wa Tano amevaa joho lenye nembo ya tembo, lakini tembo huyo alichorwa mdogo kiasi cha kufanana na nguruwe. Waislamu walichukizwa, sarafu ikaondolewa, nyingi zikayeyushwa, na ya mwaka 1912 ikatoka na tembo anayeeleweka. Wakusanyaji hulipia kisa hicho. Rupia za miaka iliyofuata, ingawa zina fedha ileile, hawazipiganii.

Sasa tufike kwenye hali ya sarafu, jambo ambalo kwa maoni yetu limewapotezea walaji mali nyingi kuliko wizi. Mwenye sarafu nyeusi hudhani kwamba mnunuzi atapenda kuiona inang'aa. Huisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa ukwaju au kwa dawa ya meno, na kwa dakika tano huondoa kile ambacho mkusanyaji alikuwa tayari kukilipia. Weusi ule ni utando unaojiumba juu ya fedha kwa miaka mingi. Unapoondolewa kwa kusugua, huenda pamoja na tabaka jembamba la sarafu, na mikwaruzo yake huonekana kwa lenzi ya mkono. Haurudi. Sarafu iliyosuguliwa inaweza kupoteza sehemu kubwa ya bei yake kwa wakusanyaji, ikabaki na thamani ya madini. Iacheni ilivyo. Ishikeni pembeni, si usoni, na kila moja iwekwe katika karatasi yake kavu.

Tundu na kikuku cha kuning'inizia hufanya vivyo hivyo. Sarafu ya kidani ina heshima yake katika familia, na sonara anaweza kuithamini kama pambo, lakini mkusanyaji wa sarafu huihesabu kuwa imejeruhiwa. Kukizibua kikuku kwa moto ili sarafu ionekane nzima huongeza jeraha la pili.

Anayetaka kuuza apange kwanza sarafu zake kwa aina na mwaka, azipige picha pande zote mbili, na aandike orodha. Kisha apate bei kwa wanunuzi wasiopungua wawili wasiohusiana. Mizani inayotumika iwe na stika ya Wakala wa Vipimo, na uzito usomwe mbele ya muuzaji. Asikubali sarafu ikwanguliwe kwenye jiwe la sonara wala kutiwa tindikali kabla ya kujulikana ni ya aina gani. Mfanyabiashara halali hununua kwa bei ya chini kuliko atakayouzia. Hilo si dhuluma, ndiyo riziki yake. Dhuluma ni kutaja bei ya madini kwa sarafu ambayo yeye anajua kwamba si ya madini tu.

Mnunuzi naye ana kazi yake. Sumaku isiponasa, hilo halithibitishi kwamba sarafu ni ya fedha, kwa kuwa shaba na risasi nazo hazinaswi. Uzito ni kipimo bora zaidi: rupia yenye gramu 9 ina kasoro inayohitaji maelezo. Riale halisi ya Maria Theresa ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka kwenye ukingo wake. Ya bandia mara nyingi ina ukingo mtupu au mshono wa kalibu. Na bei zinazotajwa mtandaoni ni matumaini ya wauzaji. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu amekwisha kulipa.

Kuna uvumi usiokoma kuhusu sarafu za Mjerumani zinazonunuliwa kwa mamilioni na matajiri wa nje. Huja kwa simu: mnunuzi amepatikana, ila utume kwanza ada ya uthibitisho au ya usajili. Hakuna ununuzi halali wa sarafu unaoanza kwa muuzaji kulipa. Usitume fedha, wala usiitoe sarafu mkononi pasipo stakabadhi yenye jina, sahihi na maelezo ya sarafu.

Mwisho, kuhusu sarafu zilizofukuliwa ardhini. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali; Zanzibar ina sheria yake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ziligunduliwa zaidi ya sarafu 2,000, nyingi zikiwa vipande vidogo vya fedha, na kwa kuwa zilikuwa pamoja zimewafundisha wanahistoria mengi kuhusu watawala na biashara ya kale ya Waswahili. Zingetawanywa sokoni, zisingesema lolote. Anayekutana na sarafu kama hizo akichimba msingi au shimo asimamishe kazi mahali hapo, asizioshe, afunike sehemu hiyo, na atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa ili ifikishwe kwenye idara inayohusika na mambo ya kale.