Majina ya Kiingereza kwa Watu wa Siasa

Mtu akitafuta katika kamusi neno la Kiswahili kwa "politician" hupewa mwanasiasa. Akitafuta "statesman" huenda akapewa lilo hilo. Lakini Mwingereza hayachanganyi majina haya mawili. La kwanza hutaja kazi, na mara nyingi hutamkwa kwa kukunja uso. La pili ni sifa, nalo hupewa mtu ambaye hekima yake katika kutawala imekwisha kuonekana. Mwalimu afasiriye gazeti au hotuba asipoyapambanua majina ya namna hii, atamsifu aliyelaumiwa, au atamlaumu mtu ambaye kazi yake imetajwa tu. Basi yafaa tuyapange kwa mafungu matatu: majina ya kazi, majina ya pande, na majina ya tabia.

Kwanza, majina ya kazi. "Minister" ni neno la Kilatini, maana yake mtumishi. Ndiyo sababu Waingereza humwita kwa jina hilo moja waziri wa serikali na mchungaji wa kanisa pia. Mwenye kufasiri na atazame habari yenyewe kabla ya kuchagua. "Candidate" nalo latokana na Kilatini, kwa maana ya aliyevaa nyeupe. Katika Roma ya kale mtu aliyetaka kuchaguliwa alivaa joho lililong'arishwa kwa chaki. Kiswahili chamwita mgombea, kwa kuwa chatazama mashindano yake, si mavazi yake.

"Whip" ni mjeledi, lakini afasiriye hivyo atawachekesha watu bure. Katika Bunge la Uingereza ni mbunge aliyewekwa na chama chake awahimize wenzake kuhudhuria na kupiga kura pamoja. Neno latoka katika uwindaji wa mbweha, ambako mtu mmoja kazi yake ni kuwarudisha kundini mbwa waliotangatanga. Tanzania humwita mnadhimu, yaani mwenye kutia nidhamu; Kenya humwita kiranja, neno lijulikanalo na kila mtoto wa shule. "Backbencher", yaani mtu wa viti vya nyuma, si mvivu wala mjinga, kama mwalimu awezavyo kudhani akikumbuka darasa lake. Ni mbunge asiye waziri wala msemaji mkuu wa upinzani, maana hao ndio waketio mbele.

Pili, majina ya pande. Na hapa twaona ajabu. Kati ya mwaka 1679 na 1681 Waingereza waligombana kama James, ndugu wa mfalme Charles II, azuiwe asirithi kiti kwa kuwa alikuwa Mkatoliki. Waliomtetea waliitwa "Tory", neno la Kiirish lililotaja mtu awindwaye, mnyang'anyi wa porini. Waliotaka azuiwe waliitwa "Whig", jina lililokuwa la waasi Waprotestanti wa Scotland. Yote mawili yalikuwa matusi. Lakini waliotukanwa wakayavaa kama kanzu ya sikukuu. Whig waliingia katika chama cha Liberal mwaka 1859, bali wafuasi wa chama cha Conservative huitwa Tory hata leo.

Neno jingine lilishika njia ya kinyume. Wenyeji wa Massachusetts walikuwa na neno la kumtaja mkuu wa vita, naye John Eliot akalitumia katika Biblia aliyowafasiria, iliyopigwa chapa mwaka 1663. Mwaka 1884 baadhi ya watu wa chama cha Republican huko Marekani walimkataa James Blaine, mgombea wa chama chao, wakamwunga mkono Grover Cleveland wa chama cha Democratic. Wenzao wakawaita "mugwump", kana kwamba wajiona wakubwa kupita wote. Hivyo neno la heshima likawa dhihaka.

Tatu, majina ya tabia, na haya ndiyo yenye hatari. "Demagogue" kwa Kigiriki ni kiongozi wa watu. Sasa ni mtu awachocheaye watu kwa hofu na chuki ili apate ukuu. "Turncoat", mgeuza koti, twaweza kumwita kigeugeu. "Quisling" ni msaliti aliyewatumikia adui walioteka nchi yake, kwa jina la Vidkun Quisling wa Norway, aliyeuawa kwa hukumu mwaka 1945. Kiswahili chatosha kwa kibaraka. "Maverick" ni asiyefuata kundi, kwa jina la Samuel Maverick wa Texas, ambaye ng'ombe wake hawakutiwa chapa ya moto; jina hili ni sifa au lawama kwa kadiri ya asemaye.

La kutafakari zaidi ni "carpetbagger", mbeba mkoba wa zulia. Baada ya vita vya Marekani vya 1861 hata 1865, watu wa kusini waliwaita hivyo watu wa kaskazini waliokuja kwao, kana kwamba mali yao yote yatosha katika mkoba mmoja. Wako waliofuata faida. Lakini wako pia waliokuja kuwafundisha watu waliotoka utumwani, na jina likawapiga wote sawasawa. Aliyelisikia bila kuuliza limetoka kinywani mwa nani alikwisha hukumu.

Nasi tusijione salama. Siasa, neno tulilolipokea kwa Waarabu, lilikuwa kwetu pia na maana ya upole na utaratibu. Kutenda jambo kwa siasa kulikuwa kulitenda kwa uangalifu. Siku hizi mtu akisema, "Hiyo ni siasa tu," maana yake ni maneno matupu. Basi, kila tukutanapo na jina la mtu wa siasa, tuulize mambo mawili kabla ya kulifasiri: Je, lataja kazi, upande, au tabia? Na kama ni tabia, ni nani aliyempa jina hilo, rafiki au adui? Jina la kazi tulifasiri. Jina la tabia tulieleze, tukimtaja na aliyelitoa, ili mwanafunzi apime mwenyewe.